Siku Papa Alipofunga Mtutu

Mafuta ya kitani, yale yanayopakwa mbao, yana harufu inayokaribia ya karanga zilizokaangwa zikasahaulika kidogo jikoni. Ndiyo harufu aliyokuwa akirudi nayo Papa kila jioni, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi, tukikaa Croydon kwenye fleti iliyokuwa juu ya duka la mazulia, ambako tramu ikipita vikombe vilitetemeka kabatini. Mwanzoni Mama aliipenda harufu hiyo. Alisema afadhali hiyo kuliko ya dawa za kusafishia vyoo, ambayo Papa alirudi nayo katika miaka yetu ya kwanza London, alipokuwa akisafisha ofisi alfajiri kabla wenye ofisi hawajafika. Kwetu Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, Papa alikuwa seremala. Alitengeneza milango, madirisha na mabenchi ya kanisa, na watu walimwita Fundi Yosefu hata kabla hajaoa. London hakuna aliyejua hilo. Hapa alikuwa mtu wa ndoo na ufagio, na mimi nilidhani ameshazoea.

Nyuma ya mojawapo ya ofisi alizosafisha palikuwa na ua, na ndani ya ua karakana ya mzee mmoja Mwingereza aliyeitwa Leslie. Kazi yake ilikuwa kufufua bunduki za zamani kwa ajili ya wakusanyaji wa vitu vya kale na watu wa vilabu vya kulenga shabaha, wote wenye vibali. Asubuhi moja Papa alipita na mifuko ya taka akamwona anahangaika kupiga randa ubao ambao nyuzi zake zilikuwa zimepinda vibaya. Alisimama, akatazama, akashindwa kuvumilia. Aliomba randa kwa ishara, akaugeuza ubao upande wa pili, akaipitisha randa mara chache, ubao ukatoka laini, na Leslie akampa kazi. Baada ya polisi kumchunguza na kuridhika, Papa aliacha ndoo, akawa mtu wa karakana. Leslie alimpa aproni ya ngozi, akamwita Joseph. Mkono wa mzee ulikuwa umeanza kutetemeka, na mbao hazimpendi mtu anayetetemeka.

Mama alikubali kwa masharti, na masharti yake sote tuliyaelewa. Vita vilipofika mtaani kwetu Uvira, mdogo wake Mama, mjomba Elia, alikuwa ameegemea mlango ili usisukumwe. Ulikuwa mlango mzito, Papa aliutengeneza mwenyewe. Risasi iliupita ule ubao kana kwamba haupo. Mama alikuwa amesimama nyuma ya Elia. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki. Nayajua haya kwa vipande, maana nyumbani kwetu jambo hilo halikusimuliwa. Papa alipoleta habari ya kazi mpya, Mama aliacha chakula chake kikapoa, kisha akasema, "Mbao shika. Chuma usishike." Papa akajibu, "Nimekubali, Mama Furaha." Furaha ndiye mimi.

Jumamosi Mama alikuwa na shifti kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mdogo wangu Daudi alipelekwa kwa jirani. Mimi nilikwenda na Papa karakanani. Nilikuwa na kazi huko: kutafsiri. Kiingereza cha Papa kilitosha kwa kusalimia na kuulizia basi, hakikutosha kwa mambo ya ufundi. Leslie alisema, mimi nikageuza. Papa aliuliza, nami nikageuza tena. Palikuwa na baridi, na hita ndogo ya gesi ilipasha moto magoti tu. Nilikaa kwenye stuli na daftari la hesabu mapajani, nikijiona mtu muhimu kuliko wote mle ndani.

Mvua za vuli zilipoanza, majani yakiwa yameganda kwenye reli za tramu, mwanamke mmoja mzee aliyeitwa Bi Margaret alileta bunduki ya marehemu baba yake. Ilikuwa imelala bandani miaka mingi. Kitako chake, yaani ule ubao mrefu unaobeba chuma chote na kuegemea begani, kilikuwa kimepasuka na kuliwa na wadudu. Mtutu nao ulikuwa umeoza kwa kutu; ukiuchungulia ndani uliona giza lenye mabaka. Baba yake alikuwa akiitumia kulenga shabaha kila Jumapili, na yeye alikuwa anakwenda naye akiwa msichana. Alitaka irudi kama ilivyokuwa, iweze kulenga tena. Leslie alimwambia ataiwekea mtutu mpya mwenyewe, na Joseph atachonga mbao.

Sijapata kumwona Papa akifurahi kama miezi ile. Alichagua kipande cha mjozi, mbao ngumu ya thamani, chenye mistari myeusi kama moshi, akakinusa, akakigonga kwa kidole na kusikiliza. Alichonga mfereji wa kulaza chuma kwa patasi nyembamba, akiwa anapaka chuma masizi ya taa, anakilaza juu ya ubao, anakiinua, kisha anatazama weusi umegusa wapi. Palipogusa alikwangua unyoya tu wa mbao, akalaza tena. Ilikuwa hivyo wiki nzima, wiki nyingine, na nyingine. Mwishowe chuma kilizama kwenye mbao usiweze kupitisha hata karatasi. Alianza kuimba nyimbo za kwaya ya Uvira, zile alizoacha kuimba tulipovuka mpaka. Nyumbani alisimama wima zaidi. Hata Mama alimtania kwamba siku hizi anatembea kama mchungaji aliyepewa kanisa kubwa.

Kisha Leslie akaanguka kwenye barafu nje ya nyumba yake, akavunjika bega. Alirudi karakanani na mkono umefungwa shingoni. Mtutu mpya alikuwa ameshaukereza kwenye mashine kabla ya kuumia. Kilichobaki ni kuukaza kwenye mwili wa bunduki, kazi inayotaka mikono miwili yenye nguvu. Jumamosi hiyo alimwelekeza Papa kwa kidevu mahali mtutu ulipokuwa. Papa hakusogea.

"Furaha, mwambie hii siyo kazi niliyokubaliana na mke wangu," alisema.

Niligeuza. Leslie akasema, "Mwambie naelewa. Na mwambie kwamba sina mtu mwingine, na kwamba kitako hiki ni kizuri kuliko vyote vilivyopita humu ndani."

Niligeuza hayo pia. Nilikuwa nasubiri mmoja wao aseme neno ambalo sitalazimika kulipeleka kwa mwenzake. Papa alikitazama kitako kwenye kulabu yake, kimepakwa mafuta tabaka juu ya tabaka mpaka kimekuwa na mwanga wa asali. Bila mtutu kilikuwa kipande cha mbao tu. Nadhani hilo ndilo lililomshinda. Alivua saa, akaiweka mfukoni.

Mtutu ulibanwa kwenye jiliwa katikati ya vipande vya mbao ili usichubuke. Papa alishika spana ndefu. "Mwambie akaze taratibu," alisema Leslie. Nikasema, "Kaza taratibu, Papa." "Tena kidogo." "Tena kidogo, Papa." Palikuwa na alama mbili nyembamba, moja kwenye mtutu na moja kwenye mwili wa bunduki, na zilitakiwa zikutane. Mishipa ya shingo ya Papa ilitokeza. Sauti yangu ilikuwa ya kitoto, niliisikia mwenyewe ikisema kaza, kaza, na sikujua namna ya kunyamaza bila kuharibu kazi. Alama zikakutana. Leslie akapumua. Papa akaiachia spana, akatazama viganja vyake.

Jioni ile Mama alikuwa anasonga bugali, bado amevaa sare ya kazi. Papa hakusubiri kuulizwa. "Mama Furaha, leo nimefunga mtutu," alisema. Mwiko uliendelea kuzunguka. "Mzee Leslie amevunjika bega. Hana mtu."

"Na mtoto alikuwa wapi?"

"Alikuwepo. Yeye ndiye aliyenitafsiria."

Mama alizima jiko. Alikuja akanishika kidevu, akanitazama mdomo kana kwamba nimekula kitu cha sumu na anataka kuona kilichobaki. Alinikumbatia kwa nguvu mpaka vifungo vya sare vikaniumiza shavu, na kando ya mkono wake nilimwona Papa amesimama na mikono imening'inia, hajui aiweke wapi.

Kesho yake, baada ya ibada, Mama alimchukua Daudi wakaenda kwa Mama Rehema, rafiki yake wa kanisani aliyekaa Tottenham. Mimi niliachwa kwa sababu ya shule. Hakukuwa na ugomvi. Laiti ungekuwapo, ningepata la kuzuia. Mama alipiga simu kila jioni akaniuliza kama Papa amekula. Nilipoweka simu chini, Papa aliuliza Mama amesema nini. Nilimwambia, "Ameuliza kama umekula." Akasema, "Mwambie nimekula." Sahani yake ilikuwa mbele yangu, haijaguswa. Nilitamani kuwapelekea maneno mengine, matamu, ya kwangu mwenyewe, lakini kila nilipoyatunga niliona watajua papo hapo kwamba hayakutoka kwa mwenzao. Nikawa napeleka yaleyale. Usiku wa kuamkia shule nilipiga pasi sare yangu mwenyewe, nikaunguza kola.

Kwa sheria ya hapa mtutu mpya lazima ujaribiwe kwanza kwa risasi yenye nguvu kupita kiasi, katika nyumba maalumu, ndipo upigwe mhuri. Bunduki ilipelekwa, ikarudi salama. Papa aliilaza kwenye kitako mara ya mwisho, akakaza skrubu. Ilikuwa imekamilika. Bi Margaret aliambiwa aje Jumamosi.

Mama ndiye aliyetangulia. Tulimwona uani ametoka shifti, koti la mvua juu ya sare, anatazama milango kama mtu aliyepewa maelekezo nusu. Papa alimfungulia. Leslie alijaribu kuinuka, bega likamkatalia. Bunduki ilikuwa juu ya meza, kwenye blanketi la kijivu.

"Ndiyo hii?" Mama akauliza.

"Ndiyo hiyo."

Aliizunguka meza. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia, aliweka kiganja kwenye mbao, akakipitisha polepole kuanzia nyuma hadi pale chuma kinapoanzia, akakiondoa hapo. "Ni nzuri sana, Baba Furaha," alisema. Papa aliinua uso. Nilimwona anataka kutabasamu. "Hata ile ya Uvira kuna mtu aliichonga," Mama akaendelea kwa sauti ileile ya upole. "Alikuwa na mkono kama wako. Alimaliza kazi yake, akaifurahia, akarudi nyumbani kula na watoto wake."

Leslie alinigeukia. "Amesema nini?"

Maneno yote ya Kiingereza niliyoyajua yalikuwa yameondoka. Papa akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Amesema ni nzuri."

Muda mfupi baadaye Bi Margaret alifika. Alipoiona bunduki aliweka mkono kifuani, akalia bila kujificha, akasema ni kama baba yake ameingia mlangoni. Mama hakuelewa maneno yote, ila kulia alikuelewa. Alitoa karatasi laini mfukoni mwa sare, akampa, akamshika kiwiko mpaka alipotulia, kama alivyofanya kila siku kwa wazee wake kazini. Kisha akamwambia Papa kwamba Daudi ana homa kidogo, anakwenda kumchukua, na kwamba jioni watakuwa nyumbani.

Hakuna aliyemwambia Papa aache. Mama hakulitaja tena jambo hilo, si siku ile, si miaka iliyofuata. Papa aliaga karakana mwenyewe kabla baridi haijaisha, akarudi kwenye usafi, safari hii kwenye karakana za mabasi. Leslie alifunga kazi baadaye, na pale uani sasa pana fleti zenye vibaraza vya vioo. Papa hakushika tena randa. Alipostaafu nilimnunulia seti ya patasi nikidhani nimefanya la maana. Alinishukuru, akaziweka juu ya kabati, nazo ziko huko bado na plastiki yake.

Mimi leo ni mkalimani hospitalini. Siku hizi mtoto haruhusiwi kukaa katikati ya watu wazima na kuwabebea maneno yao. Kuna kanuni, na kuna watu kama mimi wanaolipwa. Tumefundishwa kwamba maneno ni ya waliosema, sisi tunapita nayo tu. Wenzangu wanaamini hivyo na wanalala vizuri. Nimekwisha pita umri aliokuwa nao Papa mwaka ule, na nimejaribu mara nyingi kuamua nani kati yao alikuwa na haki. Nikimsikiliza Mama, namwona Elia. Nikimkumbuka Papa akiimba juu ya ule mjozi, nahisi kuna mtu aliyerudi kwetu kwa miezi michache, tukamrudisha alikotoka. Sijapata jibu, wala sidhani kwamba lipo mahali linanisubiri.

Mwaka huu nilipokaribia kujifungua, Mama alimwambia Papa amtengenezee mjukuu kitanda. Alilisema kawaida, akimenya viazi, lakini mimi niliacha nilichokuwa nafanya. Papa alikwenda kuchukua koti lake. "Twende tukanunue," alisema. Tulinunua kitanda cha kwenye boksi, cha mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, zilizobandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Alikiunga sebuleni kwa kile kifunguo kidogo wanachokupa, Mama ameketi sakafuni kando yake akimpa skrubu moja moja kutoka kiganjani. Kilikamilika upesi. Mama alikitikisa, hakikuyumba.

"Kimetoka vizuri," alisema.

"Si mimi niliyekitengeneza," Papa akajibu, bila uchungu, kama mtu anayesahihisha jina lililotamkwa vibaya. Kisha akaenda bafuni kunawa mikono, ingawa haikuwa imechafuka.