Safu ya Nyuma Haina Mlango

Gari lile nililichagua kwa kuanzia mkiani. Nilitaka la kuvuta tela, kwa hiyo tulipofika kwenye yadi ya magari ya mtumba pale Singida mjini, nilikuwa nainama nyuma ya kila gari kutafuta ndoano. Mkwe wangu, mume wa binti yetu wa mwisho, alifungua boneti, akapima oili, akasikiliza injini. Yeye ndiye angeendesha. Mimi nilikuwa nimepasuliwa mtoto wa jicho na sikurudi tena kwenye usukani.

Mke wangu alisimama kivulini na mkoba wake, akisubiri wanaume wamalize.

Kwetu, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawaketi kiti kimoja, hawapeani mikono, na jambo lolote la aibu halitamkwi kati yao. Siku hizi wengi wameyaacha mambo hayo. Nyumbani kwangu sikuyaacha, na nilijisifia. Ndiyo maana niliikataa pikapu ya milango minne ambayo mkwe aliipenda. Ndani yake mama mkwe angekuwa akipumua kwenye kisogo cha mkwe wake. Nilitaka safu tatu: mbele mkwe na mimi, katikati binti na wajukuu, nyuma kabisa mke wangu. Wajukuu wangekuwa ukuta.

Dalali alituonyesha gari jeupe, refu kama kibanda cha kuku.

"Shikamoo, mzee wangu. Hili si gari, ni nyumba. Ukifika nalo kijijini watu watakuuliza kodi ya chumba."

"Marahaba. Ndoano yake ikoje?"

"Ndoano hii inavuta hata lori lililokufa."

Niliishika, nikaitikisa, nikaigonga kwa jiwe. Ilikuwa imara. Dalali akamkaribisha mke wangu ajaribu kiti chake. Ili apite, ilibidi kiti cha katikati kikunjwe. Kishikio kilikuwa kigumu, dalali akakivuta kwa mikono miwili. Mke wangu akajipenyeza, kiti kikarudishwa mbele ya magoti yake. Akasukuma kioo cha dirisha, kisha akaniita.

"Mzee, huku nyuma hakuna mlango."

"Si kuna dirisha?"

"Halifunguki."

"Sasa unataka kuruka uende wapi?"

Dalali alicheka sana. Nami nilifurahi kwamba nimemchekesha mtu wa mjini. Mkwe wangu hakucheka, aliinama akajifanya anakagua tairi. Siku hiyohiyo tukaondoka na gari.

Miezi ya kwanza lilitutumikia. Tulivuta alizeti hadi kwenye mashine ya kukamua, tukavuta maji, tukaenda harusini Manyoni na kurudi. Watu wa kijijini kwetu Iguguno walilisifu, nikawa natembea taratibu barabarani ili wanisifu zaidi. Sikuona kilichokuwa kikitokea kwa mke wangu. Kila tukipanga safari, tangu jana yake alikuwa hagusi maji. Chai hanywi, uji anauacha. Nikimuuliza anajibu kwamba hana hamu. Nilidhani ni uzee, mara nyingine nikadhani ni kununa.

Kumbe alikuwa anajikausha. Mwanamke wa umri wake hawezi kumaliza safari ndefu bila kushuka, na ili ashuke ilibidi amguse binti begani, binti aniambie mimi, mimi nimwambie mkwe asimamishe gari, halafu watoto wote washuke na kiti kikunjwe. Gari zima lingejua, pamoja na mkwe, kwamba mama anakwenda kujisaidia. Kwa hiyo aliona bora kiu.

Nililijua hilo siku ya safari ya Sepuka. Mpwa wa mke wangu alikuwa anaagwa kwenda kuolewa, na huko maji yalikuwa shida, basi tukafunga tela lenye tangi kubwa lililojaa. Ilikuwa kiangazi. Tulipoiacha lami jua lilikuwa limepanda, vumbi likatufungisha madirisha, na kiyoyozi kilikuwa kinapoza mbele tu. Mjukuu mmoja akasema, "Bibi amelala mdomo wazi."

Binti akageuka. Akapiga kelele.

Mkwe akasimamisha gari. Watoto wakashushwa. Binti akavuta kishikio cha kiti, hakikusogea. Nikavuta mimi, hakikusogea. Nikazunguka kwenye mlango wa mizigo, nikaufungua ukapanda kidogo tu, ukagonga tangi. Kulifungua tela lenye maji yote yale pale mchangani kungechukua muda. Kupitia kioo nilimwona mke wangu kichwa kimeegemea pembeni, kanga imemwanguka, jasho limekauka usoni.

Mkwe wangu alikuwa amesimama kando ya barabara, amekanyaga ukingo wa mtaro, uso ameuelekeza mashambani. Alikuwa anafanya heshima niliyomfundisha mimi.

"Ingia," nikamwambia.

"Baba..."

"Ingia umtoe mama yako!"

Akapanda juu ya kiti cha katikati kwa magoti, akainama, akamshika kwapani, akamvuta juu ya kiti kama anavyovutwa mtu kisimani. Akambeba hadi chini ya mti wa miiba. Tukafungua koki ya tangi, tukamlowesha kichwa, tukamnywesha kidogo kidogo. Alipofumbua macho aliona amelalia mkono wa nani. Akavuta kanga, akajifunika uso, akalia humo ndani. Maji yalikuwa mgongoni mwake njia nzima.

Wiki iliyofuata mkwe alileta mbuzi wa kuondoa aibu, kama desturi inavyotaka. Mke wangu alimpokea mbuzi. Kisha akasema mbele ya wote, bila kuniangalia, "Aliyekwisha kunibeba hawezi kuniogopa. Mimi kuanzia sasa nakaa mlangoni."

Hakuna aliyembishia. Binti akahamia mbele kwa mumewe. Mke wangu anakaa katikati na wajukuu, kiwiko dirishani. Mimi nikabakiwa na mahali pamoja tu, safu ya nyuma.

Gari tunalo bado. Nimetaka kuliuza, wanasema linafaa, na kweli linafaa. Juzi tulikuwa tunarudi na mashudu ya alizeti kwenye tela. Magoti yangu yalikuwa yamekutana na kiti cha mbele, na kioo cha dirisha kilikuwa cha moto, hakigusiki. Tangu Ikungi nilikuwa nimebanwa na haja. Niliangalia visogo vya watu wangu, nikahesabu nani angelazimika kumwambia nani, nikanyamaza. Asubuhi chai sikuwa nimeinywa.

Mke wangu akageuka, akanitazama kwa muda.

"Unataka kushuka?"

"Hapana."

Akageukia mbele. "Baba," akamwambia mkwe, "simama hapo penye kivuli."

Gari likasimama. Watoto wakashuka mmoja mmoja wakinung'unika. Kisha nikasikia kishikio kikivutwa, kikakataa, kikavutwa tena, nami nikakaa nikingoja.