Nusu Mzunguko

Harufu ya kutu iliyolowa hunirudisha Kibugu, kwenye tangi la mradi wa maji lililokuwa pembeni mwa msitu, juu ya mashamba ya chai. Baba ndiye aliyekuwa na ufunguo wa koki. Kila asubuhi alilaza sikio kwenye bomba la chuma, akasikiliza, kisha akasema, "Liko sawa." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kila likizo nilimfuata nyuma nikijiona fundi kamili. Agosti ile, baridi ikituuma hadi mifupani, alinionyesha jambo. Pale maji yalipotokea tangini palikuwa na kipande cha bomba la mpira linaloonyesha ndani. Akapenyeza humo wino wa kalamu yangu kwa sindano ya kudungia ng'ombe, akafungua koki kidogo. Wino ukanyooka kama uzi katikati ya maji. Akaongeza maji, uzi ukatetemeka. Akaongeza tena kidogo tu, uzi ukakatika, ukajisokota, na mara maji yote yakawa bluu.

"Umeona, Wawira? Maji ikikimbizwa inaanza kupigana yenyewe. Na hii bomba ni mzee. Nusu mzunguko, basi."

Jumamosi moja kiungo kilianza kuvuja bondeni, pale bomba lilipovuka juu ya mto. Baba alifunga maji, akateremka na spana, akaniacha kwenye koki na ufunguo. Akipiga filimbi, nifungue nusu mzunguko apate kuona panapovuja. Kando ya tangi wanawake walikuwa wamepanga mitungi kwenye mfereji wa kuchotea maji tangu alfajiri. Filimbi ikalia, nikafungua nusu, maji yakatoka membamba na kimya.

"Wee Wawira, hiyo ni maji ama ni machozi?" jirani yetu akauliza, wote wakacheka. "Ng'ombe zangu ziko na kiu. Fungua yote!"

Kwetu watu waliamini kwamba maji yenye kelele ndiyo maji mengi. Mfereji usionguruma waliuita mgonjwa. Niliona aibu, na nilitaka wanisifu. Nikazungusha koki mara moja, mara mbili, mara tatu. Bomba likatikisika chini ya mkono wangu, likanguruma, na wanawake wakapiga vigelegele. Halafu mfereji ukakohoa, ukakauka. Nilirudisha koki kwenye nusu kabla hatujakimbia bondeni. Tulimkuta baba juu ya mawe ya mto. Kiungo kilikuwa kimefyatuka, kikampiga kifuani. Kwenye matanga watu walisema bomba lilikuwa kuukuu. Jirani yetu alileta uji kila siku na hakuniangalia machoni hata mara moja.

Leo Kibugu kuna mabomba ya plastiki, na maji hufika jikoni bila filimbi ya mtu. Mimi hufundisha fizikia Embu mjini. Kila mwaka huwaonyesha wanafunzi uzi ule wa wino, na ukianza kutetemeka, mimi humwita mmoja wao aongeze maji. Mkono wangu hukataa. Mwezi uliopita, nikimwoshea mama vyombo, nilifungulia mfereji kwa nguvu, ukanguruma, nikaufunga haraka. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Siku ile nilikuwa nachuma majani chai," akasema. "Nikasikia bomba ikinguruma. Baba yako hakuwahi kufungua hivyo."

Nikashika ukingo wa sinki. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo.

"Nilikuwa nangoja uniambie."