Jiwe la Maili Arobaini na Mbili

Jumatatu moja asubuhi mama mmoja aliingia ofisini kwetu, akaketi mbele ya meza yangu, akaniomba nimsaidie kumjua mtu aliyeielekeza barabara chumbani kwake.

Mtu mwenyewe nilikuwa mimi.

Nikamwangalia usoni, nikamwambia, "Sawa mama, nitafuatilia."

Msinitukane bado. Someni hadi mwisho, mtanitukana vizuri.

Mimi ni mchora ramani kwenye ofisi ya barabara. Ni kazi ya kukaa na kompyuta, makaratasi na chai inayopoa. Mwaka huo ofisi ilikuwa inaandaa maonyesho, na mkuu wetu akataka ramani ya barabara ya kwanza ya magari, ile iliyochongwa kabla ya lami, zama ambazo gari likipita watu wanaacha sufuria jikoni na kutoka nje kulitazama.

Barabara hiyo imepotea. Kipande kimoja ni shamba, kingine uwanja wa mpira, kingine kiko chini ya soko.

Njia ya kuipata ni mawe. Walioijenga walisimika jiwe kila baada ya maili moja, limechongwa namba. Ukilikuta jiwe mahali pake, barabara ilipita hapo. Unaunganisha nukta moja na nyingine, unapata barabara yako.

Tulikuwa wawili kwenye kazi hiyo. Mwenzangu tulimwita Rula, kwa sababu hata akienda kunywa chai alikuwa na rula mfuko wa shati. Mtu mpole, mbishi kimya kimya. Wale ndio wabaya zaidi.

Tulipata mawe yote isipokuwa moja. La arobaini na moja lilikuwepo, la arobaini na tatu lilikuwepo. La arobaini na mbili halikuonekana, na katikati ya hayo mawili palikuwa na kilima.

Rula akasema, "Dada, barabara ilizunguka kilima, ikafuata kijito. Gari za zamani zilikuwa hazina nguvu, na rejeta zilichemka kila baada ya muda. Dereva alihitaji maji karibu."

Mimi nikasema ilipanda juu, kwa kona kona. Tukipima umbali, njia zote mbili zilikuwa zinakubali.

Tulibishana wiki mbili. Ofisi nzima ikagawanyika. Hadi mlinzi wa getini alikuwa na upande wake, na haukuwa wangu.

Alhamisi moja Rula aliomba ruhusa kwenda kung'oa jino. Nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nikachukua fomu zangu, nikapanda kilima peke yangu, nyumba kwa nyumba, naulizia jiwe.

Nyumba ya tano uani kulikuwa na kamba za mashuka mwanzo mwisho. Mama wa makamo alikuwa amechuchumaa, anapigapiga shuka juu ya jiwe. Alikuwa anafulia watu nguo, na mtaa mzima ulimwita Mama Sabuni.

Povu likateremka pembeni, nikaona namba. Nne. Mbili.

Nilipiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mama Sabuni akacheka hadi akakaa chini. "We mtoto, jiwe tu hilo!"

Akanipa kigoda na maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Nikamuuliza jiwe limefikaje pale.

"Marehemu mume wangu alilileta na mkokoteni kutoka kule bondeni, kijitoni," akasema. "Nilikuwa nikifulia huko huko, juu ya jiwe hilo hilo. Magoti yakaanza kunisumbua, akasema mke wangu hutateremka tena, jiwe litakufuata nyumbani. Alilisukuma siku mbili! Watu walimcheka."

Nilisikia kila neno. Nataka mlielewe hilo. Sikusikia vibaya, wala sikusahau.

Kijitoni. Maana yake Rula alikuwa sahihi.

Kwenye fomu kuna mstari unaouliza: *Je, jiwe limewahi kuhamishwa?* Nikaishika kalamu juu ya mstari ule, nikamwona akilini Rula akitabasamu lile tabasamu lake la upole. Nikajiambia, hii ni picha ya ukutani. Picha inamuumiza nani?

Nikaandika: *Hapana. Kwa maelezo ya mwenye nyumba, jiwe liko hapo tangu mwanzo.*

Nikaweka sahihi, nikamaliza maji, nikasema asante mama.

Rula alirudi na shavu limevimba. Akasoma fomu, akanipa mkono. "Umenishinda, dada. Hongera." Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na mimi nikaupokea mkono ule.

Ramani ikabandikwa ukumbini. Watu wakapiga nayo picha. Mwezi uliofuata nikafanywa mkuu wa kitengo.

Miezi saba ikapita.

Siku moja nikasikia kwenye korido kwamba barabara kubwa inapanuliwa, na mtu mmoja wa mipango kakumbuka kwamba ile barabara ya zamani haijawahi kufutwa kisheria. Ardhi yake bado ni hifadhi ya barabara, na nyumba iliyo juu yake inaweza kubomolewa. Kwa hiyo wakaishusha ramani yangu ukutani na kuanza kuifanyia kazi.

Siku hiyo hiyo ningeweza kusema. Mlango wa mkuu ulikuwa hatua kumi kutoka kwangu.

Nikajiambia watakagua wenyewe. Hawakukagua. Fomu ilikuwa na mhuri, na aliyeisaini sasa ni mkuu wa kitengo, wakague nini?

Nyumba saba zikapigwa X nyekundu. Notisi ya siku thelathini, kisha zibomolewe.

Ndipo Mama Sabuni akaja. Alivaa nguo yake nzuri, na mkoba mweusi ameupakata magotini, ameushika kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akaniambia, "humu ndani nakufahamu wewe peke yako. Ulikunywa maji kwangu. Hebu nisaidie kumjua aliyesema barabara ilipita kwangu. Nataka nimuulize tu."

Nikasema nitafuatilia.

Akaniangalia kitambo. "Huna la kuniambia?"

"Kwa sasa hapana, mama."

"Haya."

Akarudi wiki iliyofuata, na mkoba wake. Nikamwambia faili liko juu. Hakuna faili lililokuwa juu. Faili lilikuwa kwenye droo yangu, goti langu linaligusa.

Mara ya tatu alikuja amechoka. Akasema jirani yake, fundi baiskeli, ameezua nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. "Anasema bora avunje mwenyewe kuliko katapila limkunjie mabati. Kapakia mke, watoto na vyombo, kaondoka. Hatujui kaelekea wapi."

Kisha akauliza tena, taratibu, "Mwanangu, kweli huna la kuniambia?"

Nikasema hapana. Alipotoka nikaenda chooni, nikafungulia bomba ili watu wasinisikie nikilia. Nilijichukia, sina namna nyingine ya kulisema.

Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nilimkuta Rula kwenye meza ya chai. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, bila salamu. Akaweka kikombe chini. Nikasubiri anipayukie.

Akasema tu, "Twende kijitoni."

Tulitafuta asubuhi nzima. Kwenye majani, juu kidogo ya maji, Rula akakanyaga shimo. Lilikuwa la pembe nne, limeshindiliwa kokoto kandokando, sawasawa na mashimo ya mawe mengine. Hatua chache mbele tukakuta kuta mbili za kidaraja, zimeliwa na mizizi. Akatoa rula yake, akapima, akaandika. Hakusema "nilikwambia." Laiti angesema, ningepumua kidogo.

Tukaenda kwa mkuu. Uso ukamvimba. "Shimo peke yake halitoshi," akasema. "Kwenye fomu mwenye nyumba kasema jiwe halijahamishwa. Niletee mwenye nyumba akanushe maneno yake."

Maneno yake! Hakuwahi kuyasema. Mimi ndiye niliyemwekea kinywani.

Nikapanda kile kilima tena. Nikapita nyumba ya fundi baiskeli, kuta bila paa, X imebaki peke yake.

Mama Sabuni alikuwa anafua. X ilikuwa ukutani nyuma yake, na pale chini yake alikuwa ametundika foronya kama kawaida.

Sikukaa. "Mama, ni mimi. Niliyeandika ni mimi. Uliniambia mume wako alilileta jiwe, nikaandika uongo, nikasema umesema wewe."

Hakushtuka. Akakamua shuka hadi likaisha maji, akalianika, akafuta mikono. Akaingia ndani, akatoka na ule mkoba mweusi.

Akaufungua, akatoa notisi. Nyuma yake, imebanwa kwa pini, ilikuwa nakala ya fomu yangu. Mwandiko wangu. Sahihi yangu. Mstari mmoja umepigiwa wino chini yake.

"Binti yangu alinisomea siku ile ile ilipokuja," akasema. "Kwa maelezo ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mimi, na niliongea na mtu mmoja tu."

Nilitaka ardhi inimeze.

"Ulijua? Mara zote tatu?"

"Mara zote tatu. Nilikuja nayo magotini. Nikakuuliza una la kuniambia, ukasema huna."

"Kwa nini hukunisema kwa mkuu?"

"Ningekusema, ungekataa. Neno langu dhidi ya mhuri wako, wangeshika lipi? Wa kulifuta ni aliyeliandika. Nikasema nimpe nafasi, huyu alikunywa maji kwangu, ana mama yake pengine." Sauti ikamkatika kwa hasira. "Lakini wakati nakungoja wewe, fundi baiskeli kaondoka. Usidhani nimekusamehe. Shika mkoba wangu, twende."

Tukateremka pamoja. Nilibeba mkoba wake.

Alitoa maelezo yake, nami nikatoa yangu, kwa maandishi, mbele ya mkuu na watu wa mipango. X zikafutwa. Ramani mpya ikabandikwa ukumbini, barabara inazunguka kilima na kufuata kijito. Rula ndiye mkuu wa kitengo sasa. Mimi niko stoo ya ramani, chumba kisicho na dirisha, na sina cha kulalamika.

Ofisi ilitaka kulichukua jiwe ikalirudishe mahali pake. Mama Sabuni akakalia jiwe lake. "Andikeni liko kwangu," akasema. "Si mna fomu?"

Nikatumwa kuijaza upya. Palipoulizwa kama jiwe limewahi kuhamishwa, nikaandika: *Ndiyo. Lilihamishwa na mume kwa ajili ya magoti ya mke wake.* Mkuu akasema hiyo si lugha ya ofisi. Rula akaipiga mhuri hivyo hivyo.

Mama Sabuni salamu yangu anaijibu. Maji hajanipa tena.

Funzo nililopata ni hili: uongo niliouandika kwa ajili ya ubishi wa ofisini ulikwenda mbali kuliko mimi, ukaingia kwenye nyumba za watu nisiowajua. Na kila siku niliyokaa kimya, kuna mtu aliilipia kwa niaba yangu. Kama kuna kitu umekiandika vibaya mahali, kifute leo, usingoje kuulizwa mara tatu.

Lakini sikuandika haya kwa ajili ya funzo.

Nimezunguka vibanda vya baiskeli miezi minne, nauliza. Jina lake hapo mtaani hakuna aliyelitumia, wote walimwita Fundi. Mrefu, kidole gumba cha kushoto hakikunji, ana mke na watoto watatu, na mabati yake yana rangi ya buluu iliyopauka.

Kama amehamia mtaani kwenu, mwambieni nyumba haikubomolewa. Kuta zake zipo, kiwanja ni chake, X tumeipaka chokaa.

Na akiuliza ni nani aliyekosea, msimfiche. Mwonyesheni hapa.