Zimwi la Asilimia Tisini

Sitaki mtu anipoze. Hasira bado inanichemka, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Juzi nilimvamia Nuru, fundi simu wangu, kwenye kibanda chake Kariakoo. Alikuwa amenibadilishia kioo, na tangu siku hiyo kila nikirusha wavu kwenye gemu yangu ya kukamata mazimwi, zimwi moja la dhahabu lilikuwa linachomoka.

"Umeniwekea kioo feki!" nilifoka mbele ya wateja wake. "Nimelirushia wavu mara ishirini! Na imeandikwa wazi hapo, asilimia tisini!"

Nuru hakupandisha sauti. Alipitisha kidole kwenye kioo, kikaitika vizuri, kisha akaitazama gemu.

"Kaka, hii tisini ni uhai wa zimwi, siyo uwezekano wa kulinasa. Likiwa na nguvu hivi litakuponyoka tu. Lidhoofishe kwanza."

Nikabisha. Akalipiga mara tatu, uhai ukashuka hadi kumi, akarusha wavu mmoja tu. Likanasa.

Wateja wakaangua kicheko. Mama mmoja mwenye baibui akanikazia macho.

"Samahani, wewe si ndiye mwalimu wa hesabu wa binti yangu?"