Mkono Juu ya Tumbo la Mama

Nilipokuwa na miaka minane, kule Mwamkulu, nilikatazwa kugusa tumbo la mama yangu. Mengine nilikatazwa pia, kama watoto wote, usikanyage majaruba ya mpunga ya watu, usimpige ndama, lakini hayo ukikosea unachapwa na yanaisha. Hili la tumbo bibi alinikalisha chini kabisa, akanishika mikono yote miwili, ndipo akasema.

Bibi alikuwa mama yake baba, alikuja na ng'ombe kutoka Usukumani kabla sijazaliwa, na Kiswahili chake alikitafuta neno moja moja kama mtu anayechambua mchele. Mimi alikuwa akiniita mke mwenzangu. Kila asubuhi, mke mwenzangu njoo unikune mgongo, mke mwenzangu leo mume wetu amekula nini. Nilimpenda, na ninalisema hilo mapema ili nisije nikamfanya jitu la kutisha, maana hakuwa hivyo.

"Wewe ndiye uliyefungua tumbo la mama yako," aliniambia. "Damu ya aliyefungua ni ya moto. Ukimgusa aliye ndani, utamuunguza."

Nikamuuliza, je, nikimgusa juu ya nguo?

"Mke mwenzangu, moto unaogopa kitenge?" Akacheka, nami nikacheka, lakini kuanzia siku hiyo nikawa napita mbali na mama kama napita karibu na jiko.

Sasa siku moja bibi alikwenda msibani kwa jirani, nyumba ikabaki yetu wawili. Mama alikuwa amekaa nyuma ya nyumba anapepeta mchele, mara akaacha ungo, akashika ubavu, akatabasamu peke yake. Akaniita. "Kabula, njoo uweke mkono hapa, anacheza." Nikaficha mkono nyuma ya mgongo. Nikamwambia bibi amekataza. Mama akasema bibi yako hayupo, akauvuta ule mkono mwenyewe, akauweka, akaukandamiza na wa kwake juu yake. Nikamsikia mdogo wangu akijigeuza, vile kambale anavyojigeuza kwenye tope la jaruba, taratibu halafu ghafla. Sijawahi kufurahi vile. Mama naye alifurahi, nakumbuka uso wake.

Alizaliwa wa kiume, na siku ya kwanza alikuwa mzuri tu. Siku ya pili macho yakawa ya njano. Kufikia jioni njano ilikuwa imeshuka kifuani, tumboni, mpaka nyayo, kama mtu amemwogesha kwa maji ya binzari, na kunyonya akaacha. Siku ya tatu akafa. Bibi alimfunua, akamtazama muda mrefu, akasema neno moja, "Ameungua."

Kisha akauliza, shangazi zangu wote wakiwa wamekaa kwenye mkeka, nani alimgusa mtoto huyu tumboni.

Nikamtazama mama. Mama alitazama mkeka. Nikasubiri, jamani, nilisubiri sana, mpaka nikaona hatasema, basi nikasema ni mimi. Na nilikuwa nasema kweli.

Hawakunipiga. Watu wakisikia habari hii hudhani nilipigwa. Bibi alinipeleka kwenye majivu kando ya zizi, akachukua wembe mpya, akanichanja mara tatu kwenye kifundo cha mkono wa kulia ili ule moto utoke upungue. Damu ikatiririka kidogo kwenye majivu, halafu ikapunguza mwendo, ikawa nene, ikasimama. Bibi akaubana mkono. Haikutoka. Akatikisa kichwa akawaambia shangazi, "Oneni inavyokataa kutoka. Damu ngumu hii." Akachanja tena.

Yeye alimaliza siku hiyo, mimi sikumaliza. Kila asubuhi nilikwenda nyuma ya choo, nabandua gaga kwa ukucha ili damu itoke tena, kwa sababu nilitaka nipoe. Nilitaka moto uishe kabla mama hajabeba mimba nyingine. Nilikuwa najibandua na kuhesabu matone, na kila mara damu inasimama, na mimi naichukia. Bibi hakuniita tena mke mwenzangu. Aliniita wewe mtoto.

Mama alipobeba mimba tena nilipelekwa Kasekese kwa shangazi, nikakaa huko miezi yote, nikasoma huko, sikuuona hata upindo wa kanga ya mama. Mtoto yule alizaliwa amevimba mwili mzima, amekwisha kufa. Mimi akili yangu ya utoto ikafurahi vibaya, nikasema sasa wamejua siyo mimi, nilikuwa Kasekese. Shangazi akarudi kutoka Mwamkulu na maneno ya bibi kwamba mkono ule wa kwanza ulibaki tumboni. Sikuwa na pa kwenda na jibu hilo. Ukiwa mbali ni wewe, ukiwa karibu ni wewe.

Mama hakuzaa tena. Bibi alifariki nikiwa darasa la saba, na alipokuwa anaumwa nilimwosha miguu.

Kidato cha pili, hapa Mpanda mjini, mwalimu wa Baiolojia alichora ubaoni tone la damu kubwa kama sinia. Akasema humo ndani kuna chembe nyekundu zinazobeba hewa kutoka mapafuni, kuna chembe nyeupe ambazo ni askari, na kuna chembe sahani, ndogo kuliko zote, ambazo ukikatwa zinakimbilia kwenye jeraha zinashikana, na nyuzi nyembamba zinajisuka juu yake kama wavu, chembe nyekundu zinanasa humo, pakikauka ndiyo gaga. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka mkono wa kulia chini ya dawati nikawa napapasa yale makovu. Kumbe chembe zile zilikuwa zinanitetea. Kila asubuhi nyuma ya choo zilikuja tena zikaniziba tena, nami nabandua.

Nilidhani hapo ndipo hadithi imeishia. Haikuishia hapo.

Niliolewa, tukapanga Kawajense, mume wangu ni fundi seremala. Mimba ya kwanza nikaenda kliniki, wakapima damu, nesi akaandika O hasi kwa kalamu nyekundu na kuizungushia. Nikaogopa rangi ile kabla hata sijaelewa. Akanieleza, nami namwandika vile nilivyomwelewa. Kuna alama fulani juu ya chembe nyekundu, watu wengi wanayo, hao ni chanya, mimi sina. Mtoto akiirithi kwa baba yake, damu yake ikachanganyika na yangu hata kidogo, kwenye kuzaa au mimba ikitoka, mwili wangu unaiona ni ngeni na kutengeneza silaha. Mtoto wa kwanza mara nyingi anakuwa ameshapita salama. Silaha zinamngoja anayefuata mwenye alama ile. Zinapasua chembe zake nyekundu, na zikipasuka ndiyo ile njano. Ikizidi, anavimba na kufia tumboni.

Nikamwambia nesi habari za mama. Akaweka kalamu chini.

Nikamuuliza, basi kweli mimi niliyefungua tumbo ndiye niliyeziamsha silaha? Maana hivyo ndivyo nilivyosikia, kwamba bibi alikosea jina tu, akaziita moto. Nesi akakataa. Akasema, wewe ni hasi. Kama mama yako naye ni hasi, damu yako haikuwa ngeni kwake, ilipita kama mtu wa nyumbani. Kamuulize kama kulikuwa na mimba kabla yako.

Binti yangu Pendo alizaliwa, damu yake chanya. Kuna sindano inayotakiwa ndani ya siku tatu, inazuia mwili usianze kutengeneza silaha, na siku ile hospitalini dawa hiyo ilikuwa imeisha. Mume wangu alizunguka mji mzima. Shemeji akaipata Tabora, ikapanda basi, nikachomwa siku ya tatu mchana, nimekaa kitandani nahesabu saa kwa vidole. Mama alikuwa amekuja kunitunza. Nikamwomba naye apimwe, nikamdanganya kwamba ni utaratibu wa hospitali. Majibu yake yalitoka hasi. Tuliporudi nyumbani nikayaficha chini ya godoro.

Wiki iliyofuata, nyumbani, alikuwa ananikanda tumbo kwa kitambaa cha maji ya moto, kama wanavyokandwa wazazi, nami nimelala chali natazama mabati. Nikamuuliza kama kulikuwa na mwingine kabla yangu. Mkono wake ulisimama.

"Ilikuwepo," akasema. "Miezi minne, ikatoka. Bibi yako alisema isihesabiwe."

Kwa hiyo huyo ambaye hakuhesabiwa ndiye aliyefungua. Silaha zilikuwepo tayari nilipokuwa tumboni, na mimi nilipona kwa sababu damu yangu ilifanana na ya mama. Hilo tu. Nilikuwa nimeokolewa kwa kufanana na mama yangu, na miaka yote nilidhani nilipona kwa kuwala wenzangu.

Nikauliza la pili. Nikasema, mama, siku ile uliniita wewe. Ulinivuta mkono. Mbona hukusema?

Alichovya kitambaa, akakikamua, akakiweka tena tumboni, kikaniunguza, sikulia.

"Ningesema, wangesema ni mimi," akasema. "Wewe ungebaki mtoto wa baba yako tu, mtoto harudishwi. Mimi ningerudishwa kwetu."

Karatasi ilikuwa chini ya mgongo wangu. Ningeweza kuitoa, nikamwambia ni kweli, mama, ilikuwa damu yako, ulivyoogopa ndivyo ilivyokuwa. Yaani neno lilikuwa mdomoni. Akaniuliza mwenyewe, majibu yangu yalisemaje? Nikamwambia damu yako ni nzuri. Mpaka leo sijui kama nilimhurumia au nilimlipa kimya kwa kimya.

Sasa nina mimba ya pili, mwezi wa sita. Wamenipima, nesi amesema hakuna silaha, sindano ilifanya kazi, turudie kipimo mwezi ujao kwa uhakika. Karatasi ninayo, naisoma mara nyingi kuliko inavyohitajika. Najua chembe nyekundu, najua chembe sahani, najua chanya na hasi, ningeweza kusimama ubaoni nikafundisha.

Juzi asubuhi nilikuwa nachambua maharage mlangoni, mtoto akacheza tumboni, Pendo akaona kitenge kinatikisika. Ana miaka minne. Akacheka, akaweka mkono. Nami nikaupiga ule mkono kabla sijajua nimeupiga, nikaupiga kwa nguvu, maharage yakamwagika.

Hakulia. Aliutazama mkono wake mbele na nyuma, anatafuta kilichomo.

Nikamwita. Nikamwambia njoo mama, njoo uweke, anacheza, mama amekosea. Nilimwita kwa sauti laini kabisa niliyonayo. Alisimama pale pale kwenye kizingiti, akauficha mkono nyuma ya mgongo.