Fundi Anayeshona Usingizini

Saa nane mchana, Jumatano, Fundi Kesha anashona pindo la gauni kibandani kwake. Miguu inakanyaga cherehani, vidole vinasukuma kitambaa, mshono umenyooka. Jirani yake, muuza vifungo, anamvuta kando mwandishi wa habari hii.

"Usimsemeshe. Kalala huyo."

Macho yako wazi. Lakini nzi anatembea juu ya kope lake, naye hapepesi.

Jina la utani, Kesha, alipewa na wateja, kwa jinsi alivyokuwa akikesha kushona sare kabla ya shule kufunguliwa. "Msimu ukaisha, usingizi haukurudi," anasema baada ya kuzinduka. "Kitandani macho makavu. Hapa unanichukua bila hodi."

Anaonyesha kidole. Sindano ilitoboa ukucha, na hakuamka. Daktari alimwambia shinikizo la damu limepanda, na asipolala moyo utachoka. "Nikamwambia, daktari, usingizi ungekuwa unauzwa ningenunua jora zima!"

Anacheka peke yake, kisha anashusha sauti. Juzi mteja alimuuliza safari yake ni ya wapi. "Nikashangaa, safari gani? Akasema, 'Si wewe uliyeniambia nisije Ijumaa, sitakukuta?' Jana akaja mwingine na maneno yaleyale."

Hakumbuki kuyasema. Hana safari. Anaogopa kufa, na anatamka hivyo bila kuzunguka.

Alhamisi alifunga kibanda akaenda kwa dada yake. Dada akashusha mapazia, akaificha simu kabatini.

"Ijumaa alilala kutwa," dada anasimulia. "Ila miguu haikulala. Chini ya shuka, kanyaga, kanyaga! Ilipofika saa nane nikaikumbatia, nikamwambia, mdogo wangu, nguo zimeisha. Ikatulia."

Muuza vifungo hapendi kuizungumzia siku hiyo. Anasema Ijumaa hiyo alisikia cherehani ikienda ndani ya kibanda kilichofungwa kufuli. Saa nane ikanyamaza.

Jumamosi Fundi Kesha yuko kazini, uso umejaa, macho yanapepesa. Kazi za usiku amezikataa. Anataka kulala kama watu wengine, awaone wanawe wakikua.

Jioni, kabla ya kufunga, anauchomoa mkanda wa cherehani na kuutia kwenye mkoba. Ataulaza chini ya mto wake.

"Nikilala mimi," anasema, akijaribu kufuli mara mbili, "na yenyewe ilale."