Dresa na Homa ya Uzazi

Yule dresa, mganga msaidizi wa zahanati yetu ya Mtoni enzi za Mwingereza, alikuwa akinawa mikono mpaka viwikoni, kisha anaiacha ikauke kwa upepo, na sie tuliokaa barazani tulikuwa tukimcheka. Sauti yake ilikuwa ndogo, mpaka usogee ndipo umsikie. Basi akaletwa Yuliana, mke wa jirani yangu, aliyekuwa amejifungua juzi yake. Anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Dresa akasema uchafu umeingia kwenye kizazi, na sumu yake imeshatapakaa damuni. Akachemsha sindano, akamchoma penisilini, akamvua mablanketi. Mama mkwe wake akayarudisha, maana kwao mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kufunikwa gubigubi.

“Mama, huyu anaungua,” akasema dresa, akayavua tena.

“We mwanamume umezaa lini?”

“Sijazaa, mama. Niletee maji ya baridi tumpanguse.”

Ikawa hivyo kutwa, huyu anafunika, yule anafunua, na saa ya sindano ikifika anachoma. Kesho yake jioni Yuliana akauliza mwanawe yuko wapi. Mama mkwe akaanza kufunga mizigo.

“Homa imeshuka, bwana dresa. Mwache mwenzio, makalio yamevimba kwa sindano.”

Mie niliyesimama mlangoni nilicheka. Dresa hakucheka.

“Imeshuka, mama, haijatoka. Nikimwacha leo mtamrudisha kwa machela.”

Akamsogezea mama yule kigoda karibu na kitanda, akaenda kuchochea mkaa chini ya sufuria ya sindano.